Juzuu ya Kumi na Kumbukumbu ya Msomaji

Jioni hii linazungumzwa jambo ambalo wapenzi wa riwaya ndefu hulijua vizuri ingawa ni nadra kulijadili, nalo ni usomaji wa juzuu ya mbali katika mfululizo mrefu. Yaani si kitabu cha kwanza, ambacho msomaji hukifungua akiwa hajui lolote, wala si cha mwisho, ambacho hukikimbilia ili ajue nani amepona na nani amekufa, bali kile cha nane, cha tisa au cha kumi, ambacho wengi hukifikia wakiwa wamechoka na wengine hukiweka chini wasirudi tena.

Swali la kujiuliza ni hili: je, kitabu cha namna hiyo kihukumiwe kwa kipimo gani? Kipimwe kama riwaya inayojitegemea, yenye mwanzo wake, kilele chake na mwisho wake, au kipo kipimo kingine? Jibu litakalotetewa hapa ni kwamba kipo kipimo kingine, nacho ni namna mwandishi anavyoitumia kumbukumbu ya msomaji. Na mfano utakaochunguzwa ni Crossroads of Twilight, juzuu ya kumi ya mfululizo wa Robert Jordan uitwao The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati, ambayo pengine ndiyo iliyolalamikiwa kuliko zote katika mfululizo huo.

Kabla ya kufika huko, istilahi mbili zifafanuliwe. Fantasia ni aina ya riwaya ambayo mwandishi wake hubuni ulimwengu mzima, wenye ramani yake, falme zake, historia yake na kanuni zake za uchawi, kisha huwaweka watu humo waishi chini ya kanuni hizo. Fantasia inapoitwa ya kiutendi, maana yake ni kwamba jambo linalopiganiwa humo ni kubwa kuliko maisha ya mtu mmoja, kwa kawaida ni usalama wa ulimwengu wote, na kwamba masimulizi yamechukua upana na uzito wa utendi, ule utungo mrefu wa mashujaa ambao wasikilizaji wa pwani wanaufahamu kupitia kazi kama Utendi wa Tambuka, unaonasibishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate na wenye tarehe ya mwaka 1728. Inafaa kukumbuka kwamba hadhira ya utendi ule haikuketi kusikiliza ili ijue upande upi utashinda, maana hilo ilikuwa ikilijua. Ilisikiliza ili ipitishwe tena, ubeti baada ya ubeti, katika njia ya kuufikia ushindi huo. Hoja hiyo itarudi baadaye.

Robert Jordan lilikuwa jina la kalamu la James Oliver Rigney, aliyezaliwa mwaka 1948 huko Charleston, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, akapigana Vietnam akiwa mpiga bunduki wa helikopta, akasomea fizikia, na akawa mhandisi wa nyuklia kabla ya kugeukia uandishi. Habari ya Vietnam haifai kupitwa juujuu, kwa sababu swali la kwamba matumizi ya nguvu humfanya nini yule anayezitumia, hata anapozitumia kwa haki, limeenea katika vitabu vyake vyote. Kitabu cha kwanza, The Eye of the World, kilitoka mwaka 1990, na kazi iliyodhaniwa kwamba ingemalizika kwa vitabu vichache ikaendelea hadi kufikia juzuu 14, ukiachilia mbali kitabu kimoja kifupi kinachosimulia yaliyotangulia hadithi yenyewe.

Hadithi yenyewe inahusu nini? Kwa ufupi, kijana wa shamba aitwaye Rand al'Thor anatoka katika kijiji cha mbali pamoja na wenzake waliokua naye, wakiwemo Mat Cauthon, ambaye ni mpenda kamari, Perrin Aybara, ambaye alikuwa akijifunza uhunzi, pamoja na wasichana wawili, Egwene na Nynaeve, na baadaye anagundua kwamba yeye ndiye aliyetabiriwa kupambana na Mwovu katika vita vya mwisho. Katika ulimwengu huo iko nguvu moja inayoendesha uumbaji wote, nayo ina nusu mbili, ya wanawake na ya wanaume. Nusu ya wanaume ilitiwa unajisi na Mwovu zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na tangu hapo kila mwanamume anayeitumia huishia kuwa mwendawazimu. Rand ni mwanamume, naye lazima aitumie. Msikilizaji akilishika jambo hilo moja, atakuwa ameshika kiini cha mfululizo wote.

Sasa basi, juzuu ya tisa, iliyotoka Novemba 2000, inaishia kwa tendo ambalo wasomaji walikuwa wakilitamani kwa miaka kumi: Rand, akisaidiwa na Nynaeve, anaisafisha ile nusu iliyonajisiwa, na nguvu inayotumika siku hiyo ni kubwa kiasi kwamba kila mwenye kipaji, hata aliye katika nchi za mbali, anaihisi. Wasomaji waliifunga juzuu hiyo wakiwa na hamu ya kujua litakalofuata, wakasubiri miaka miwili na ushei, na Januari 2003 ilipotoka juzuu ya kumi wakakuta kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho chenye karibu kurasa 700 inarudi nyuma, kabla na wakati wa tendo lile lile, ili kusimulia mahali walipokuwa watu wengine wakati huo. Rand mwenyewe anaonekana katika kurasa chache tu. Perrin anamtafuta mke wake, Faile, aliyetekwa. Mat yuko safarini pamoja na kundi la maonyesho ya wanyama na sarakasi, akijificha. Binti wa malkia aitwaye Elayne anasaka kiti cha enzi cha mama yake. Na Egwene amekaa na jeshi lake nje ya mji alioukusudia kuuteka, akisubiri.

Je, ni ajabu kwamba watu walilalamika? Hata kidogo. Msomaji aliyesubiri muda wote huo kisha akapewa kusubiri zaidi ana haki ya kunung'unika, na utetezi wowote wa kitabu hiki unaoanza kwa kuwadharau walalamikaji utakuwa umeanza vibaya. Hata hivyo malalamiko hayo yanakipima kitabu kwa wingi wa matukio, na kwa kipimo hicho juzuu ya kumi lazima ishindwe, kwa kuwa matukio makubwa ndani yake ni machache. Kikipimwa kwa kile kinachotokea ndani ya msomaji aliyezisoma juzuu tisa zilizotangulia, hukumu inabadilika.

Utachukuliwa mfano mmoja, nao utazungumzwa kwa kirefu kwa sababu ndio unaobeba hoja yote. Katika juzuu ya kwanza Perrin, akiwa bado kijana mpole anayeogopa kumuumiza mtu kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake, anabeba shoka la vita alilopewa na fundi wake, naye analichukia. Mtu mmoja wa porini aitwaye Elyas, anayeongea na mbwamwitu, anampa ushauri kwamba maadamu analichukia shoka hilo basi na aendelee kulibeba, kwa sababu atalitumia kwa hekima kuliko wengine, lakini siku atakapoacha kulichukia, ndiyo siku ya kulitupa mbali na kukimbia. Ushauri huo umo katika kitabu cha mwaka 1990, katika sura ya utulivu ambayo msomaji wa haraka anaweza kuisahau. Katika juzuu ya tatu Perrin anafanya kazi kwa muda katika karakana ya mhunzi mjini Tear na kupewa nyundo, na tangu hapo anatembea akiwa na vyote viwili, shoka la kuua na nyundo ya kuundia, na wala haelezwi msomaji wazi kwamba siku moja itambidi achague.

Uchaguzi huo unafanyika katika juzuu ya kumi. Perrin, aliyechoshwa na siku nyingi za kumtafuta mke wake bila mafanikio, anawakuta wapiganaji wake wakiwatesa mateka ili waseme mahali alipo, na mateka hawasemi. Naye, yule yule aliyeogopa kumuumiza mtu, anaingilia kati, anamkata mateka mmoja mkono kwa shoka, na kuwaambia waliobaki kwa sauti ya ubaridi jinsi atakavyowaacha vilema maisha yao yote. Wanasema. Kisha anaondoka peke yake, anaelewa amekuwa mtu wa namna gani, analitupa shoka na kuliacha msituni. Uzito wa tendo hilo unategemea kumbukumbu ya msomaji.

Katika riwaya inayojitegemea, ushauri huo na matokeo yake vingetenganishwa na kurasa mia mbili au tatu, na msomaji angeviunganisha katika wiki moja. Hapa vimetenganishwa na juzuu nzima nzima na, kwa wasomaji wa mwanzo, na miaka 13 ya maisha yao halisi. Aliyeusoma ushauri ule akiwa mwanafunzi wa sekondari alilisoma tendo hili akiwa mtu mzima, pengine mwenye mke au mume ambaye naye angefanya mengi ili asimpoteze. Ni utanzu gani mwingine wa fasihi andishi unaoweza kufanya jambo hilo? Ni mfululizo mrefu peke yake, tena katika juzuu zake za mbali peke yake, kwa kuwa juzuu ya kwanza haina cha kukumbusha.

Hoja hiyo irudiwe kwa namna nyingine, kwa maana ndiyo nguzo ya mazungumzo haya: katika juzuu ya mbali, kumbukumbu ya msomaji ni sehemu ya matini. Hata ule mpangilio wa kurudi nyuma, uliowaudhi wengi, unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa hivyo. Sura baada ya sura, watu wenye vipaji wanaihisi ile nguvu kubwa inayowaka upande wa mbali, nao hawajui ni nini. Wengi wanaamini kwamba adui amepata silaha mpya, wanaogopa, wanaitisha mabaraza, wanafikiria hata kushirikiana na watu waliokuwa wakiwachukia. Msomaji peke yake ndiye anayejua kwamba kilichowatisha ni habari njema kuliko zote zilizopata kutokea katika zama zao. Wahakiki wa Kiswahili huiita hali hiyo kinaya, yaani hali ambayo msomaji anajua kweli ambayo mhusika haijui, na hapa kinaya kimetandazwa juu ya bara zima.

Iko pia sura ya mji uitwao So Habor, ambayo walalamikaji huitaja kama ushahidi, kwa sababu ndani yake Perrin anakwenda tu kununua nafaka ya kulishia jeshi lake. Anakuta mji mchafu, wenyeji wanaoogopa hata kuoga au kuzungumza, mizuka ya wafu inayotembea mitaani, na nafaka iliyoingiwa na fukusi, ambayo inabidi ipepetwe kwenye baridi kali kabla ya kupakiwa. Mtu akiisoma sura hii peke yake ataona manunuzi ya chakula yaliyorefushwa. Lakini aliyekumbuka jinsi kitabu cha kwanza kilivyoanza katika kijiji kilichokuwa kikijiandaa kwa sherehe ya majira ya kuchipua, chenye watu wanaobishana, kutaniana na kupika hata baada ya msimu mgumu, ataona ulimwengu umefikia wapi, kwamba Mwovu hahitaji kuleta majeshi wakati ambapo chakula kinaoza ghalani na jirani anamwogopa jirani. Katika mfululizo wote ni vigumu kupata sura inayoonyesha vita vya mwisho vikikaribia kwa utulivu wa kutisha kama huo.

Lipo jambo la muda, nalo linahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Mwishoni mwa juzuu ya saba, iliyotoka mwaka 1996, ukuta unamwangukia Mat wakati wa uvamizi wa mji. Juzuu ya nane, ya mwaka 1998, haimtaji kabisa miongoni mwa wahusika wanaosimuliwa. Na ni mwaka 2000 tu ndipo wasomaji walipojua hali yake. Msomaji wa leo, ambaye juzuu zote 14 zipo mbele yake, huvuka pengo hilo kwa siku chache na pengine asilione. Je, wawili hao wamesoma kitabu kimoja? Maneno ni yale yale, lakini taharuki, yaani ile hamu yenye wasiwasi ya kutaka kujua litakalotokea, haiwezi kuwa ile ile. Tatizo hili halikumpata Jordan peke yake. Mwandishi mwingine, George R. R. Martin, alipoigawa hadithi yake iliyozidi ukubwa, kitabu cha mwaka 2005 kikawaacha nje baadhi ya wahusika waliopendwa zaidi, nao wakarudi mwaka 2011. Mwandishi wa hadithi yenye watu wengi hufika mahali ambapo hawezi kuwasogeza wote kwa pamoja, na lolote atakaloamua litamuumiza msomaji fulani.

Hayo yote hayaifanyi juzuu ya kumi kuwa kitabu kisicho na dosari, na si haki kuzificha. Faile anatekwa mwishoni mwa juzuu ya nane, na utafutaji wake unapita katika juzuu ya tisa na ya kumi yote bila kumalizika. Hiyo ni mno, na hata tendo la shoka, lenye uzito kama lilivyoelezwa, lingekuwa na makali zaidi kama kungekuwa na kurasa chache za kulizunguka. Mambo ya Elayne na koo zinazoshindania kiti cha enzi yamejaa majina ambayo msomaji hana sababu ya kuyapenda. Uvumilivu wa msomaji ni amana, na katika sehemu hizo Jordan aliitumia kupita kiasi.

Kuhusu majina hayo, msomaji afanye nini anapofika juzuu ya kumi na kugundua kwamba amesahau nusu ya watu? Wahusika waliotajwa kwa majina katika mfululizo huu ni zaidi ya 2,000, na hakuna mwanadamu wa kawaida anayewabeba wote kichwani. Mwishoni mwa kila juzuu kuna faharasa ya maelezo, yaani orodha ya majina na maneno pamoja na ufafanuzi wake, na kuitumia si aibu. Wengine husoma muhtasari wa juzuu zilizopita, jambo lisilo na ubaya kwa juzuu zilizokwisha kusomwa. Ubaya huanza pale mtu anaposhauriwa airuke juzuu ya kumi na kusoma muhtasari wake badala yake, ushauri ambao hutolewa mara nyingi na kwa nia njema. Muhtasari hushika matukio, na kitabu hiki ndicho chenye matukio machache zaidi, kwa hiyo ndicho kinachopoteza mengi zaidi kikifupishwa. Muhtasari utasema kwamba Perrin alitupa shoka. Utakuwa umesema kweli, na msomaji hatakuwa amepata chochote.

Baada ya juzuu ya kumi, Jordan alikamilisha juzuu moja tu zaidi ya mfululizo huu, Knife of Dreams ya mwaka 2005, ambamo mwendo unarudi kuwa wa kasi, Faile anaokolewa na Elayne anapata kiti chake. Mwaka 2006 alitangaza kwamba ana ugonjwa adimu wa damu ulioshambulia moyo wake, na tarehe 16 Septemba 2007 akafariki dunia, akiwa ameacha maandishi na maelezo ya namna hadithi itakavyoisha. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye pia alikuwa mhariri wake tangu kitabu cha kwanza, akamchagua Brandon Sanderson aikamilishe kazi hiyo, na juzuu moja ya mwisho iliyokusudiwa ikawa tatu, zilizotoka mwaka 2009, 2010 na 2013. Mtu anayejua hayo hawezi kuisoma juzuu ya kumi kama alivyoisoma msomaji wa mwaka 2003. Yule wa kwanza alilalamika akiamini kwamba muda upo. Huyu wa sasa anajua kwamba mwandishi aliyekuwa akizitandaza habari hizo taratibu namna ile hakuwa na miaka mitano ya kuishi, wala mwenyewe hakulijua hilo.

Anajua pia kwamba hadithi ilifika mwisho, na hapo ndipo inaporudi ile hoja ya hadhira ya utendi. Taharuki ikishaondolewa, juzuu ya kumi inapata wepesi ambao haikuwa nao mwanzoni, kwa kuwa msomaji hatafuti tena kufika, anatazama jinsi mambo yanavyopandwa. Egwene anatekwa katika kurasa za mwisho kabisa za juzuu hii, na wakati ule ilionekana kama mbinu ya kumlazimisha msomaji anunue kitabu kijacho. Leo inajulikana kwamba kutekwa huko kunazaa, katika juzuu ya 12, habari za mfungwa anayepigwa kila siku na asiyekubali kuinama, ambazo zinastahili kuhesabiwa miongoni mwa sehemu bora za mfululizo wote, nazo zilikamilishwa na mkono wa mtu mwingine kutokana na mbegu iliyotiwa na Jordan.

Kwa msikilizaji aliyekwama katika juzuu hii, au anayeikaribia akiwa na hofu kutokana na yale aliyoambiwa, ushauri wa mazungumzo haya ni kwamba aisome, tena awe na juzuu ya 11 karibu ili azisome zote mbili kwa mfululizo bila kupumzika katikati, kwa sababu kinachofunguliwa katika ya kumi kinaanza kufungwa katika ile inayofuata. Lakini habari ya Perrin haifungwi hapo. Itamlazimu angoje hadi juzuu ya 13, ambamo Perrin anasimama mbele ya tanuri na kujifulia nyundo mpya, huku watu wake wakimzunguka. Na aliyeiruka juzuu ya kumi ataisoma sura hiyo kama ustadi wa mhunzi mwenye nguvu za ajabu, wakati aliyeisoma atakuwa anajua mkono ulioshika nyundo hiyo ulishika nini kabla yake, na ulifanya nini.